Profesa Neva Afelishwa na Kiti

Shoga uko wapi? Mbavu sina!!

Si unamkumbuka bosi wangu, Profesa Neva, anayefelisha nusu ya darasa kwa maswali ya neva, mishipa ya fahamu, ya mkono? Leo kafeli yeye.

Kasinzia ofisini baada ya chakula cha mchana, mkono kauning'iniza nyuma ya kiti. Kuamka, kiganja kimelegea kama tambara la deki. Hakiinuki!

"Kiharusi!" Kiharusi, shoga! Akampigia mkewe, akaanza kumuusia nani achukue gari. Gari!

Mlangoni kakaa dada mmoja mwanafunzi, aliyefelishwa naye mara mbili, anasubiri kurudia mtihani wa mdomo. Akachungulia, akasema taratibu: "Profesa, hicho si kiharusi. Kiti kimebana neva ya radiali, ile inayoinua kiganja. Mkono utarudi wenyewe."

Na mke bado yuko kwenye simu, kasikia yote.

Profesa akajikohoza. "Ndilo swali nililotaka kukuuliza. Umefaulu."

Akashika kalamu asaini fomu. Ikadondoka. Akaiokota, ikadondoka tena!

Dada wa watu kafaulu, shoga, ila mkono wa kusaini ndio huo unaoning'inia.