Shairi Ulilonipa Nilibebe

Bibi Leida,

Ulituacha wiki ya Pasaka, na hapa mjini Laurel miti imechanua yote bila wewe kulalamika kwamba inakupigisha chafya. Mama sasa anamtunza mzee mwingine huko Arlington. Asubuhi nyingine bado anageuza gari kuelekea kwako, anafika kwenye taa za barabarani, ndipo anakumbuka.

Nakuandikia kwa Kiswahili ingawa ulijua maneno mawili tu, chai na pole. Wewe ndiwe uliyenigombeza. Ulimsikia Mama akiniuliza jambo kwa Kiswahili nami nikamjibu kwa Kiingereza, kama tufanyavyo watoto wa huku. Ukaniambia, "Mama yako amekunyooshea mkono, nawe umeuacha hewani." Tangu hapo, kila Jumamosi ulipolala mchana, Mama alinifundisha pale mezani kwako. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili Kakamega kabla hajaja kufanya kazi hii. Barua hii sitampa aisahihishe. Ni yako.

Nimekuwa nikiwaeleza wenzangu shuleni wewe ulikuwa nani, na hawaelewi mshairi anawezaje kuishi jengo moja na watu wa kawaida. Nawaambia ulizaliwa shambani huko Estonia, ukasomea ualimu Tartu, ukatoa kitabu cha kwanza ukiwa msichana. Kisha vita vikakuvusha bahari hadi kambi za wakimbizi, na baadaye Amerika, kwenye kiwanda cha kushona makoti. Hapo ndipo ulipojifunza kutunga bila karatasi, kwa sababu msimamizi hakuruhusu kalamu karibu na kitambaa. Ulilishika shairi kichwani, mstari kwa mstari, cherehani ikikuhesabia mapigo. Uliliandika likishatulia kabisa. Hata ulipokuwa mpiga chapa katika ofisi za Washington, zenye karatasi tele, hukuiacha desturi hiyo.

Vitabu vyako vilichapwa Sweden na watu waliokimbia kama wewe. Kwenu, chini ya watawala wa kigeni, vilipigwa marufuku, na waliovipata walivinakili kwa mkono. Nchi ilipopata uhuru tena walikualika, ukasoma mbele ya vijana waliotabasamu kwa sababu ulizungumza kama nyanya zao. Ulirudi huku umefurahi na umechoka. Hapa wasomaji wako walikuwa wazee. "Kila msimu wa baridi nawazika wasomaji wangu," ulisema, ukaomba chai.

Nakumbuka siku yako ya kuzaliwa. Nilikuletea maua sita, ukayahesabu kwa macho, ukachomoa moja na kulitia kwenye kikombe peke yake. Ulinieleza kwamba kwenu maua ya idadi shufwa hupelekwa mazishini. "Bado sijafika huko," ukasema. Mama aliona aibu hata akataka kukununulia mengine. Wewe ulicheka mpaka ukakohoa.

Baridi iliyopita mikono yako ilikataa kuandika. Ukaniita, ukaniambia kuna shairi limetulia nawe huna pa kuliweka. Ukanitamkia mstari, nikaurudia. Sikuelewa hata neno. Nilipouliza maana ulisema nilibebe kwanza, maana yake tutaifungua majira ya joto. Nililisema nikienda kituo cha basi, nikiosha vyombo, nikisuka nywele. Majira ya joto hayakukukuta.

Sasa nikuambie yaliyotokea siku moja kabla ya mazishi. Mama aliona haiwezekani mwanao Toomas akae nyumbani kwako na msiba peke yake, kwa hiyo akawaita akina mama wa kanisani. Tukaja na sufuria za wali, chapati na birika kubwa la chai, tayari kwa nyimbo. Toomas alifungua mlango, akasimama tu. Ndani wazee wa Kiestonia walikuwa wameketi kimya, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa. Mama Shiku, mmoja wa wale wa kanisani, aliniinamia sikioni. "Hawa wamegombana?" Nikamwambia ndivyo wanavyoomboleza. "Pole yao," akasema, akaanza kugawa sahani.

Walikula, Bibi. Walikula sana. Mama Shiku akaimba wimbo mmoja kwa sauti ya chini, na hakuna aliyeinuka kuondoka.

Kisha rafiki yako Bibi Maret akatuambia jambo kwa Kiingereza. Ulikuwa umemwambia kwenye simu kwamba una shairi la mwisho. Yeye na Toomas walikuwa wamepekua kila droo wasilione. "Basi amekwenda nalo," akasema.

Nilijua lilipo, nikaogopa. Kama kinywa changu kilikuwa kimeliharibu, ningekuwa nimeliharibu lote, kwani hapakuwa na pengine. Nikamnong'oneza Mama. Hakunisukuma. Alinishika mkono, akasema, "Simama vizuri, mwanangu. Usikimbie maneno."

Nikasimama. Kwenye mstari wa tatu Bibi Maret aliweka kikombe chini. Kwenye mstari wa tano akainua kidole, akaniomba nirudie hapo. Nikarudia vilevile. Nilipomaliza akawageukia wenzake, halafu akanitafsiria aliyowaambia: "Ni lake. Hakuna mwingine anayepanga maneno hivi." Toomas, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, akaja kuketi katikati yao. Bibi Maret akaliandika nikilisema polepole. Litachapwa katika gazeti lenu la Waestonia wa huku, na nakala imekwenda Tartu.

Maana yake alinipa yeye Jumamosi iliyofuata, kwa Kiingereza, neno baada ya neno. Nikaenda nyumbani kulitafutia Kiswahili. Mama alikuwa akipiga pasi sare yake. Nikamsomea:

Nilibisha hodi mlangoni kwetu,
akafungua nisiyemjua.
Akaniuliza, umetoka mbali?
Nikasema hapana, ni hapa hapa.
Akanipa maji ya kisima chetu,
nikanywa, nikashukuru kama mgeni.

Mama aliisimamisha pasi. Alikuogesha, akakulisha, akakukata kucha kwa miaka, na hakuwahi kuelewa mstari wako hata mmoja. Hajarudi Kakamega tangu nikiwa mdogo, na nyumba ya babu iliuzwa. "Alijuaje?" akaniuliza. Kisha akasema, "Nisomee tena." Nilipomaliza mara ya pili, akavuta kiti: "Ana mengine?"

Nikamwambia yapo vitabu vizima.

Kwa hiyo lala, Bibi Leida, usiwe na wasiwasi wowote. Bibi Maret amekubali kuniketisha naye kila Jumamosi, anifungulie maana ya mashairi yako. Nakuahidi nitayaleta yote nyumbani, moja baada ya jingine, hata ikinichukua ujana wangu wote. Mama anasubiri la pili.

Wako,
Neema