Nilivyowaandalia Siafu Karamu

Jumapili, Februari. Wingu limeukalia Mlima Meru tangu asubuhi na mvua haitaki kusema kama inakuja au la. Nimechoka, mikono inanuka nta, na nina furaha ya kijinga ambayo sijui nimwambie nani. Basi nakuambia wewe, shajara.

Mwenzangu, jana nilichekwa na ukumbi mzima.

Kila mwaka sisi wafuga nyuki wa huku tunakutana Arusha mjini, na safari hii nilikwenda na jambo moja tu moyoni: mizinga yangu. Baba mkwe alinipa ile miti iliyo kando ya mto nitundike mizinga. Misimu miwili imepita, hajaingia nyuki hata wa kusingiziwa. Wiki iliyopita akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba leo atakuja na msumeno, miti ishuke, apande migomba. Sikumlaumu. Lakini nililia jikoni, maana hiyo ndiyo kazi pekee niliyoichagua mwenyewe tangu niolewe.

Mkutano wetu una desturi yake. Kabla wataalamu hawajaanza somo, anayetaka husimama akasema kilichomharibikia. Mafanikio yanasubiri mchana. Niliinuka, nikakaa, nikainuka tena. Mwishowe nikasema liwalo na liwe.

Nikaeleza kwamba kila msimu naipaka mizinga asali kwa ndani, tena asali nzuri ya kununua, ili nyuki wasikie utamu waingie. Siafu wakivamia, naiosha kwa sabuni ya unga mpaka inanukia, kisha napaka asali upya.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mzee mmoja wa Kisongo alifuta machozi: "Mama, wewe hufugi nyuki, unafuga siafu! Tena unawafulia na mashuka!"

Nilicheka nao, ila masikio yaliwaka moto.

Mtaalamu wetu, dada mmoja aliyetoka Tabora, akaomba wote waliowahi kupaka asali wanyooshe mikono. Loo! Nusu ya ukumbi, na yule mzee wa Kisongo akiwemo, ingawa wake aliushusha upesi. Ndipo dada akatufundisha. Asali inaita siafu, na nyuki wa kulamba na kwenda zao. Nyuki anayetafuta nyumba anafuata harufu ya nta, kwa sababu inamwambia kuwa wenzake waliwahi kuishi pale. Sabuni inaiua harufu hiyo. Kwa hiyo kwangua mzinga, upitishe kwenye moto wa nyasi, sugua nta kwa ndani, kisha paka grisi kwenye waya wa kutundikia ili siafu wasipite. Tulipoachana akanipa bonge la nta.

Leo nimetoka kanisani sikubadilisha hata kitenge. Nilishaishusha mizinga yote na kuikwangua Baba alipofika na msumeno begani. Nikamwamkia, akaitikia, akaanza kuchagua mti wa kuanza nao.

Sijawahi kumkatalia baba mkwe kitu. Kwetu unanyamaza, halafu unamtuma mumeo akaseme. Mume wangu yuko Momela na watalii wake, na msumeno usingemngoja.

Nikasimama mbele ya mti, nta mkononi.

"Baba, naomba unisamehe. Miti hii haikatwi."

Nikamweleza yote, ya asali, ya sabuni, mpaka ya kuchekwa. Aliposikia habari ya mashuka ya siafu mdomo ukamcheza kidogo, akajikaza. Akakohoa, akautazama mto, akatamka: "Msimu mmoja."

"Miwili, Baba."

Ilinitoka kabla sijafikiri. Akanitazama, nikajua nimeharibu. Kumbe anautua msumeno chini. Akaja akashika ngazi kwa mikono miwili na kuniambia nipande basi, jua linaondoka. Nilisugua nta, nikapaka grisi, nikafunga waya, na yeye huko chini ananigombeza nisianguke akaja kuulizwa na mwanawe.

Mizinga imerudi juu na bado ni mitupu. Wanaweza wasije msimu huu, najua. Nitakwangua tena, nitasugua tena.

Nimeshamkatalia baba mkwe mchana kweupe. Siafu ni nani hata wanishinde?