Koti la Marehemu Limekutwa na Baruti

Shangazi Muzdalifa, naomba unisaidie maana niko eda hapa Nyamisati na usingizi sina, mume wangu Abdulrazaq alikuwa anavua kwa baruti, nilijua na samaki nilikula, siku ilipomlipukia mkononi tukamzika upesi na watu wakaambiwa kakatwa na pangaboi la boti, basi arobaini ilipofika tukagawa nguo zake kama ada, mimi mwenyewe nikazitoa kwenye kiroba alichowekea vitu vya kazi bila hata kuzifua, koti likaenda kwa mdogo wake wa baba mmoja, Kondo, dereva wa bodaboda, shati akapewa maalimu wa madrasa, sasa Kondo kaleta abiria bandarini akakamatwa na doria inayosaka wavuvi wa baruti, koti likapelekwa maabara Dar es Salaam, mtaalamu anasema wana mashine inayopima uzito wa chembe zisizoonekana kwa jicho na imekuta baruti kwenye kitambaa, kesi iko Kibiti mwezi ujao, Kondo anasema koti ni la marehemu wala hakuna anayemuunga mkono, mama mkwe kaniambia, "Ukimsema mwanangu utakuwa umemfukua," na maiti hasemwi kwa mabaya, nifanyeje?

Mjane, Nyamisati

Mwanangu, majina yenu nimeyabadili. Pole kwa msiba, na pole yangu inaishia hapo. Ulijua koti lilikotoka ukampa mwenzio, leo unauliza kama useme? Maiti asisemwe kwa mabaya, sawa, ila dini haikutaka aliye hai afungwe ili kaburi lisifiwe. Na eda haimzuii mwanamke kutoka mchana kwa dharura. Kama hii si dharura, sijui ni ipi.

Mashine haikusema uongo. Imesema baruti imo kwenye koti, basi. Imeingia humo kwa kazi ya nani haijui, unajua wewe. Nenda kwa wasaidizi wa kisheria Kibiti, utoe maelezo yote, na kifo kilivyokuwa hasa. Waombe shati la maalimu nalo lipimwe kwenye mashine ile ile, kwa kuwa lilikaa kiroba kimoja na koti na mzee wa watu hajawahi kuvua. Asilivae tena, wala lisifuliwe. Nawe huenda ukahojiwa kwa kuficha. Vumilia, hilo umelitaka.

Mama mkwe umwambie kabla hujatoka. Atalia, pengine atakufukuza. Ukifukuzwa utapata pa kulala kwa ndugu zako. Kondo akishahukumiwa, utamtoa gerezani kwa lipi?