Kona ya Ghorofa ya Tatu

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakusihi, isome hii peke yako kisha uichane. Neno hata moja lisimfikie mtu. Hujambo? Mimi mzima, ila moyo hautulii.

Waraka uliokuondoa kwenye kubeba mafaili na kukuweka mlangoni niliuandika mimi. Mkuu wa ofisi hajui kuwa tarishi wake ni baba yangu, na masjala nzima haijui. Wakijua, wataniuliza kazi niliipataje. Lakini kila asubuhi nilikukuta kwenye kona ya ngazi, ghorofa ya tatu, umeshika chuma cha ngazi, mafaili kifuani. Niliogopa utaanguka. Sasa mafaili yanapanda kwa lifti, nawe una kiti chenye mto. Pumzika.

Barua hii nimeiacha ndani ya daftari la wageni hapo mlangoni pako, ukurasa wa kesho.

Mwanao

9 Machi

Karani,

Marahaba. Mimi ni mzima, kwa kuwa bado hujamaliza kazi uliyoianza.

Miaka thelathini na mmoja nimezipanda ngazi zile, siku nyingine mara ishirini. Wenzangu waliopewa viti tumeshawazika. Viti vyao vipo, vinakaliwa na wengine. Asante ya punda kweli ni mateke. Huo mto mpelekee mkuu wako, autie chini ya kalamu yako, ipumzike yenyewe.

Usiniandikie tena.

Mlinda kiti

30 Mei

Karani,

Shikamoo zako nimezipata, zote tatu. Barua sikuzichana. Nimezikalia, si ndiyo kazi uliyonipa?

Miguu imevimba, kamba za viatu hazifiki. Muuguzi kaniuliza kazi yangu nini, nikamwambia kukaa. Akasema, "Mzee, ulikuwa mzima kwa sababu ulikuwa unatembea. Rudi kutembea." Nikamwambia akaombe kibali kwa mwanangu, ndiye mwenye nchi.

Na jambo moja ulijue, msomi. Pale kwenye kona sikuwa nimechoka. Siku yako ya kwanza kazini uliniomba tusionekane tumeongozana. Nikawa nasimama ili upite. Miaka miwili, kila asubuhi, nimesimama ili wewe upite.

Baba yako, ukipenda

5 Juni

Baba,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje leo? Nakuuliza kwa aibu, kwa sababu kila siku naipita na macho nimeyainamisha.

Hii usiichane. Jana nilisimama mbele ya masjala nzima, nikasema tarishi ni baba yangu, na kwamba niliandika nilichokidhani bila kumuuliza mwenyewe. Mpiga chapa alicheka. Mkuu hakucheka. Alisema, "Mafaili arudishiwe kuanzia Jumatatu. Wewe tutakujadili Jumanne."

Huenda wakanifukuza. Sikuombi unitetee, wala unisamehe.

Ukitaka kunipata, usiulize masjala, na usipande lifti. Jumatatu, saa mbili kasoro robo, tumia ngazi zako zile zile. Anza na mafaili machache, na viatu uvifunge pale kamba zinapofikia. Kwenye kona ya ghorofa ya tatu utanikuta nimeshika chuma. Huna haja ya kunisemesha.

Nitasimama mpaka upite.

Mwanao