Saa ya Marehemu Baba

Mjukuu wangu Mugisha,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba kuku wa bibi yako ametotoa, na mimi nimepigwa marufuku kusogelea banda. Wengine wote hatujambo.

Umeuliza nilivyoirithi saa ya baba yangu. Siku ya kumaliza matanga pale Ijumbi ilikuwa mezani, imesimama tangu msiba. Dada yangu Koku, aliyemuuguza baba, aliitaka. Nami niliitaka. Nikaivaa kuijaribu, nikanyoosha mkono nichukue ndizi, saa ikaanza kutembea, tik-tik! Watu wakapiga yowe. Baba mdogo akatamka, "Marehemu amemchagua kijana." Koku akaniachia.

Nimeringa nayo miaka yote. Jumapili niliipeleka Bukoba kwa wapenda saa wenzako, nikawasimulia kwa madaha. Mmoja akacheka hadi machozi: "Mzee, hii hujijaza ufunguo yenyewe mkono ukitikisika. Ingeamka hata ungemvalisha mbuzi!"

Nilishtuka kuliko siku ile, mjukuu wangu. Baba hakumchagua mtu. Jana nilimpelekea Koku saa hiyo, nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Aliivaa, akaisogeza sikioni, akalia.

Babu yako