Mapigo ya Papa wa Pirogi

Kisangani, Jumatano jioni

Hata ndani ya pirogi, mtumbwi wa kuvukia mto, nimeshindwa kupumzika.

Siku ya sita tangu nitoke Butembo peke yangu, kuwakimbia watoto wagonjwa na vilio vya mama zao. Muuguzi mwenye miaka kumi na moja kazini, anayelia akiona sindano! Nyumbani nilisema nakwenda kumsalimia binamu. Hakuna binamu.

Leo nilivuka mto kwenda Lubunga bila sababu, kutazama maji tu. Mbele yangu aliketi papa mmoja, mzee kutoka Yanonge, na kikapu cha samaki. Akakohoa. Kabla sijafikiri, nilikuwa nimemshika kifundo cha mkono, macho kwenye saa, nikihesabu mapigo yake. Mtu nisiyemjua! Pirogi nzima ikageuka kututazama.

Niliona haya. Nikasema, "Pardon papa, mimi niko infirmière, muuguzi."

"Hapana neno, mama. Mie siko mugonjwa, ni moshi ya kukausha samaki tu. Lakini macho yako ndiyo imechoka. Weye, nani anakupimaka?"

Nikamwachia mkono wake. Nilitazama maji mpaka ng'ambo.

Jumatatu wananingoja kazini. Nikirudi, nitakufa nimesimama. Nisiporudi, sijui mimi ni nani bila ile blouse nyeupe ya kazini. Pengine nisiwe mtu yeyote kwa muda. Pengine...

Saa iko mezani. Vidole nimeviweka juu ya kifundo cha mkono wangu mwenyewe. Naogopa kuanza kuhesabu.