Baba Yako Anakusalimu

4 Mei

Mama,

Shikamoo. Hujambo? Macho yanaendeleaje na hiyo cherehani? Mimi sijambo, ila baridi ya ukumbi wa kukatia kuku inanitoa machozi.

Tangu ugonjwa uingie mjini, mwenye kiwanda ametufungia humu humu. Tunalala bwenini, tunavuka ua, tunaingia kazini. Simu zimekusanywa ofisini tangu mmoja wetu apige picha. Mezani tunasimama bega kwa bega, madirisha yamefungwa ili baridi isitoke, na mashine zina kelele mpaka tunapigiana mayowe usoni. Barakoa tunapewa moja kwa wiki. Yangu imeshalegea kama soksi ya mzee. Na kipimajoto cha mlangoni kinasoma sawa kwa kila mtu. Jana fundi mitambo alikielekeza kwenye birika la chai linalofuka mvuke. Halina homa! Tulicheka, kisha tukaacha kucheka.

Jirani yangu wa mezani anakohoa. Anaficha, maana akilala kitandani halipwi. Nafikiria kwenda kumwambia meneja mbele ya watu. Barua hii nampa dereva wa lori kwa siri.

Mwanao

11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo, na macho bado yananitosha. Kwa meneja nenda, lakini usiende peke yako. Mkiwa meza nzima atamfukuza nani, abaki na kuku wake? Mwambieni afungue madirisha, awaachanishe mezani, na anayeumwa alipwe akiwa kitandani. Huyo anayekohoa msimnunie, si kosa lake.

Nimewashonea barakoa za kitambaa kizito, nimempa dereva. Niandikie upesi. Unanijua, nikikaa bila habari naanza kupika maneno kichwani.

Mama yako

9 Juni

Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, kama nami nilivyo mzima wa afya. Usishangae mwandiko; nimejikata kidole kidogo, na rafiki ananiandikia.

Nakujulisha kwamba uongozi unatujali sana. Hatua zote za kujikinga zinafuatwa. Meneja ni mtu mwenye utu na alitusikiliza kwa makini. Tafadhali usijisumbue kuja, wageni hawaruhusiwi kwa usalama wetu sote.

Binti yako mtiifu

15 Juni

Mwanangu,

Shikamoo sikuiona katika barua yako, nimejipa marahaba mwenyewe. Halafu eti mtiifu! Wewe na utii mmekutana lini?

Barakoa hujazitaja. Jirani yako wa mezani hujamtaja. Na huyo meneja aliyeota utu ghafla, kaupata wapi? Nilimwuliza dereva kama amekuona. Akasema siku hizi haruhusiwi kuongea na watu wa ndani, na alivyosema hivyo alikuwa anatazama viatu vyake. Sikupenda.

Haya, labda ni roho yangu tu ya kushuku. Huku kwema. Baba yako anakusalimu sana. Mguu wake umepona, sasa anatembea hadi sokoni na kurudi bila fimbo. Mjibu, atafurahi.

Mama yako

24 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kusahau kukuamkia mara ile, kazi zilikuwa nyingi. Barakoa nilizipata, ni nzuri, ahsante. Jirani yangu wa mezani amepona na amerudi kwao. Kidole changu bado, ndiyo maana rafiki anaendelea kuniandikia.

Nimefurahi mno kusikia mguu wa Baba umepona. Mwambie asijichoshe na safari za sokoni. Namsalimu sana.

Mwanao

27 Juni

Wewe unayeandika,

Sijui nikusalimie vipi, kwa hiyo naruka.

Baba wa mwanangu tulimzika kabla mtoto hajaanza shule. Mwanangu hawezi kumtumia salamu akamwambia asijichoshe. Nilipofika hapo kwenye barua yako nilikaa chini sakafuni.

Sikutukani, maana wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumwuliza. Naogopa sana. Jina lako silitaki. Nataka kujua jambo moja tu: mwanangu yu hai? Na wewe mwenyewe jiangalie. Madirisha yaliyofungwa kwake yamefungwa na kwako, na hewa mnayovuta ni hiyo moja.

Mama yake

29 Juni

Mama,

Shikamoo. Mimi ni karani wa ofisi. Yu hai.

Walikwenda kwa meneja meza nzima, kama ulivyosema. Aliwaitikia vizuri, kisha akaamuru kila barua ipitie kwangu. Wiki ya pili homa ikamshika binti yako. Wagonjwa wanalazwa kwenye ghala la maboksi, ili wakaguzi wakija waone ukumbi wa wazima tu. Jirani yake wa mezani hakurudi kwao, alifariki mle. Barua mbili za mwisho niliambiwa niandike mimi, nikaandika. Barakoa zako ziko kabatini kwa meneja.

Leo nimeingia ghalani nikamsomea barua yako. Nimemwuliza nikuambie nini ili uniamini, maana najua hutaniamini. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mgongo. Akasema nikuambie kwamba lile gauni la bibi harusi liliungua si kwa ubovu wa pasi. Ulisinzia. Anasema hilo mnalijua ninyi wawili tu.

Hawezi kutembea mbali. Njoo kesho asubuhi na gari, upite mlango wa mizigo, upande wa nyuma. Ufunguo ninao mimi. Dereva anayekuletea barua hii atakuonyesha njia.

Mle ghalani hayuko peke yake. Ukimjua mama mwingine yeyote mwenye mtoto huku, njoo naye.

Mtoto wa mwenzio